Mtumbwi Ulionyamaza

Ifakara

Dada Leokadia, shikamoo.

Natumaini mwanangu Roza hakusumbui. Joto la huku ni kama la jikoni, lakini mimi tangu jana natetemeka.

Shemeji yako alitaka kupiga picha za ndege, wale weupe wenye midomo bapa kama miiko. Wametanda bwawani kama shuka zilizoanikwa. Tukapanda mtumbwi wa mvuvi mmoja wa kijiji cha Mofu. Wavuvi wa huku hugonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo, ule mti wa kusukumia, wakiwa njiani, ili viboko wasikie na kuwapisha. Shemeji yako akamwambia, "Ndugu yangu, ukigonga ndege wataruka. Nyamaza kidogo tu." Mvuvi akanitazama mimi, kisha akanyamaza.

Dada, ukimya ule! Kazi yangu ilikuwa kuchota kwa kopo maji yaliyovuja ndani. Mara nikaona mapovu yanatujia. Nikagonga mtumbwi kwa lile kopo kama mwendawazimu. Ndege wote wakaruka, na kichwa cha kiboko kikaibuka mbele yetu, karibu kabisa, pumzi yake ikanilowesha uso.

Shemeji yako amenuna. Anasema nimemharibia picha, kesho tunarudi palepale, na kopo nisiliguse.

Utusalie rozari, dada. Mbusu Roza, umwambie mama anamkumbuka sana. Kopo sitaligusa. Jiwe la kugongea nimeshalifunga kwenye pindo la kanga.

Mdogo wako,
Filomena