Mnazi wa Haji

Dole, Jumapili, Mei 1958

Mvua imeshika tangu alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Paa linavuja upande wa jikoni. Sina moyo wa kuliziba, wala sina moyo wa jambo lolote leo, lakini nikinyamaza nitapasuka. Bora niandike.

Mwanangu Haji ametimiza siku arubaini wiki iliyopita. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alikuja kutoka Makunduchi kumlea mzazi, mke wangu, na siku kitovu cha mtoto kilipodondoka alifanya kama walivyofanya mama zake wote. Alikizika nyuma ya nyumba, akapanda juu yake mche wa mnazi aliokuja nao mwenyewe, kaufunga ndani ya kanga. Kwao kila mtoto ana mnazi wake. Ukimuuliza mtu umri wa mwanawe, anakuonyesha mti.

Mimi nilikuwa kwenye palizi. Niliporudi nikaukuta umeshapandwa, nikajua tumekosa.

Sisi si wa Makunduchi. Sisi tunakaa katika shamba la karafuu la mtu. Masharti yake hata mtoto mdogo anayajua: unapalilia mikarafuu ya mwenyewe, na baina ya mikarafuu unapanda muhogo, viazi na maharage, ule na wanao. Mti usipande. Mti hukaa miaka, na mwenye mti anaweza kuja kudai na mahali uliposimama. Bi Tatu angeyajulia wapi hayo? Umri wake wote ameishi kwenye ardhi ya ukoo wake.

Ningeweza kuung'oa siku ile ile. Sikuung'oa. Niliyatazama yale majani yake mawili nikaona raha, na huo ndio ukweli. Babu yangu alikuja kutoka bara akalipalilia shamba hili, baba yangu akalipalilia, nami nimezaliwa humu humu. Kitovu changu kimo katika ardhi hii, lakini hakuna ajuaye ni wapi, maana hakikuwekewa alama.

Nokoa, msimamizi wa shamba, aliuona mche siku ya Alhamisi. Hakugomba. Alisema tu niung'oe, au nihame kabla ya msimu wa karafuu. Hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Tangu zile kura za mwaka jana, tulipokipigia chama kisicho chao, wenye mashamba hawatuamini tena. Jirani yetu Mzee Feruzi keshahamishwa, na muhogo wake ukaachiwa ng'ombe.

Jana nikavaa kanzu yangu ya Idi, nikapanda gari kwenda Mjini kumwona mwenye shamba. Kila nikifika sokoni Darajani huwa nimeshakasirika kabla sijasema na mtu. Huku tunateka maji kisimani pamoja na vyura, kule mfereji wa maji ya bomba unamwagika njiani na hakuna anayejishughulisha kuufunga. Dukani taa zinawaka mchana. Nilipita mtaa wa Kiponda nikitazama roshani za majumba yale, kila moja najiuliza imekula pishi ngapi za karafuu, na nani alizichuma.

Mwenyewe alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Alinikalisha barazani, nikaletewa kahawa na halua.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Mzazi hajambo?"

Nikamweleza yote. Nikamwomba mche auache, nikamwambia nitashika msahafu akitaka: mti ni wake, nazi ni zake, na ardhi ni yake. Mtoto abaki na jina tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Wewe nakuamini. Lakini wewe utakufa, na mimi ntakufa. Mnazi utabaki, na mwanao atasimama chini yake aseme hapa pangu."

"Hatosema, Bwana."

"Atasema. Ningekuwa yeye, ningesema mimi."

Akanisogezea sahani ya halua. "Vitovu zikeni, sikukatazeni. Mti uondoe."

Niliinywa kahawa yake nikaimaliza, na tangu jana najichukia kwa kuimaliza.

Niliporudi, Bi Tatu alisema, "Basi hameni mje kwetu. Kule hapana wa kukwambia ng'oa." Nilitaka kucheka. Makunduchi nimefika. Ardhi ni yao kweli, lakini ni mawe matupu. Mtu anapanda mtama ndani ya vitundu vya mawe kama anayeficha vitu, na msimu ukifika wanakuja huku huku kuchuma karafuu za watu na kulala mabandani. Na mke wangu Mwanaidi hajapata nguvu, mtoto mchanga, muhogo wetu bado haujaiva. Tungekwenda kula nini?

Leo asubuhi nimeung'oa.

Nokoa alikuja kushuhudia, kashika mwavuli. Mizizi ilikuwa bado mifupi. Nilijikaza kwa nguvu zote, mche ukatoka mara moja, nikaanguka matopeni nao kifuani. Nokoa hakucheka. Afadhali angecheka.

Bi Tatu aliupokea, akaufunga tena ndani ya kanga yake, akaondoka na gari la mchana bila ya kula. Aliniaga kwa adabu. "Ntaupanda kwetu, mwanangu. Akikua mlete auone." Nikaitikia naam, na machozi yakanitoka mbele ya mama mkwe. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mwanaidi ananyonyesha, kanipa mgongo. Tangu asubuhi neno aliloniambia ni moja tu: "Lifukie lile shimo, mvua isije ikakitoa kitovu."

Nikatoka na jembe. Nilirudisha udongo, nikashindwa kuukanyaga, nikaushindilia kwa viganja. Halafu nikakata pingili ya muhogo nikaichomeka pale pale. Nokoa alikuwa akirudi, akasimama, akaitazama, akaenda zake.

Muhogo ni ruhusa. Kila mtu anajua kwamba mwakani utang'olewa.