Meza ya Watu Wanne

Macon, Georgia
16 Mei 1988

Kwa shemeji Wendell,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Odessa hamjambo, na mgongo wako umetulia. Sisi huku wazima, ila dada yako Ernestine analalamikia magoti. Najua ukiona mwandiko wangu utashangaa. Soma hadi mwisho, kisha uichome ukitaka.

Wiki iliyopita tulikwenda safari yetu ya gofu kule kusini, mimi, Hosea na Clifton. Tulicheza asubuhi, na saa nane njaa ikatushika barabarani. Wewe ndiye uliyekuwa ukitutafutia pa kula, kwa hiyo tulipita mikahawa mitatu tukibishana tu. Uliofuata ulikuwa na malori mengi nje. Hosea akasema, "Dereva wa lori hali takataka. Simama."

Shemeji, nimekula kambare wengi, lakini yule alikuwa kitu kingine. Ganda la unga wa kukaangia linavunjika ukiligusa, ndani mweupe, wa moto. Sukuma wiki imechemshwa na mfupa wa nguruwe mpaka imelegea, na mkate wa mahindi haukutiwa sukari hata chembe.

Mwenye mkahawa, mama mmoja aitwaye Verdell, alituwekea glasi nne za chai baridi.

"Tuko watatu, mama," Hosea akamwambia.

"Meza ni ya wanne. Huyo mwingine yuko wapi?"

Clifton akadakia, "Huyo tulimfukuza. Anasogeza mpira watu wakigeuka."

Wakacheka. Mimi nikasukuma sahani pembeni. Verdell akaniuliza kama samaki ana kasoro.

"Samaki ni mzuri," nikasema. "Mwenye kasoro ni mimi."

Nikawaambia. Siku ile ya kugombea kikombe cha kanisa, shimo la kumi na saba, nikitafuta mpira wangu kwenye misonobari, niliupiga wako teke bila kukusudia, ukatoka kwenye mizizi ukakaa peupe. Clifton alipokushutumu nilikuwa hatua tano kutoka kwako. Nilikuwa naongoza kwa pigo moja. Nikanyamaza, na kikombe nikakichukua.

Clifton akaweka uma chini. "Miaka minne, Lamar. Miaka minne namwita mtu mwizi mbele ya kanisa zima." Akatoka, akakaa garini. Alirudi pai ya viazi vitamu ilipoletwa, akala bila kunitazama.

Nisamehe. Sina cha kujitetea.

Shemeji yako,
Lamar


Forsyth
2 Julai 1988

Lamar,

Sisi wazima. Barua yako imekaa juu ya friji wiki sita.

Nilikuona. Nilikuwa kwenye mwinuko nikifuta miwani. Nikaivaa, nikaona mguu wako. Nilijua hukukusudia. Clifton alipoanza maneno yake, nilikutazama wewe. Nikajiambia, huyu ni mume wa dada yangu, sitamuumbua mbele za watu. Atasema mwenyewe kabla jua halijazama. Nikangoja. Nikangoja Krismasi. Mama alipofariki tulibeba jeneza, wewe kushoto mimi kulia, nikasema leo atasema.

Ernestine anajua?

Wendell


Macon
11 Julai 1988

Shemeji,

Natumaini mnaendelea vizuri. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi.

Sasa anajua. Nilimwambia wakati wa kifungua kinywa. Akazima jiko, akasema, "Kwa hiyo kaka yangu amekula Krismasi nne bila mimi kwa ajili ya mpira." Tangu hapo hajaniongelesha. Jana nilisimama kanisani nikasema yote, na kikombe nikamkabidhi mchungaji. Clifton anasema atakuja kwako mwenyewe.

Sitakuomba jibu.

Shemeji yako,
Lamar


Forsyth
20 Julai 1988

Shemeji Lamar,

Salamu kwenu. Mgongo haujambo, umeuliza mara moja nami sikukujibu.

Clifton alikuja juzi. Alilia kwenye kochi letu mpaka Odessa akampa taulo la vyombo. Dada naye amenipigia simu mara tatu. Nimemwambia akuongeleshe, maana nyumba ikiwa kimya huteseka yeye kuliko wewe.

Gofu sirudi, fimbo niliziuza zamani. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi nitakupitia kwa gari langu, twende kwa huyo mama wa kambare, mimi na wewe tu. Ni mwendo wa saa mbili. Utanisimulia siku ile mwanzo hadi mwisho, kwa mdomo wako, nami sitakusaidia hata neno moja.

Shemeji yako,
Wendell