Viatu vya Ushindi

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mvua tangu asubuhi. Nimetoka shule na viatu vizito kwa udongo. Sebule ya Nyumba ya Wazazi imejaa nguo zilizoanikwa kwenye migongo ya viti — hakuna pa kusomea. Niko kwenye ngazi za nyuma na daftari la biolojia, chini ya bati. Nasikia kila kitu kinachosemwa jikoni.

Mama ndiye mtunzaji wa nyumba hii. Ni ya parokia. Wanalala hapa, bila kulipa, wazazi wa watoto waliolazwa hospitali ya hapo chini, wale wagonjwa sana. Wanatoka Nyakarenzo, Gikundamvura, na wengine wanavuka daraja la Rusizi ya Pili kutoka Bukavu. Mama na mimi tuna chumba cha mwisho. Mimi nimezaliwa Uvira, tumerudi Rwanda juzijuzi tu. Kinyarwanda cha Mama kinachekwa. Changu kinachekwa zaidi, kwa hiyo mimi nanyamaza.

Maman Antoinette anapika sambaza, dagaa wa ziwani, bila chumvi. Mwanawe Ushindi ana miaka mitano na ugonjwa wa figo. Amevimba — uso, tumbo, miguu. Daktari amekataza chumvi kabisa. Maman Antoinette ni muuza vitenge wa Bukavu, ana sauti ya kuita wateja hata akiomba kijiko. Lakini kitandani kwake, juu ya mto, kuna viatu viwili vidogo vya plastiki, bluu. Ushindi alikuja amevivaa, wakavivua kwa shida. Kila siku mama yake anavibeba wodini, anavijaribisha, anavirudisha.

"Siku vitaingia, njo siku tutarudi kwetu," anasema.

Mvua ilipokatika nilimpelekea Ushindi kitabu cha picha. Hakukiangalia. Aliniita kwa kidole, nikainama.

"Gaju, uniibie chumvi kidogo. Maman hatajua."

Nikasema hapana.

"Basi na kitabu yako urudi nayo!"

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mtihani wa biolojia. Swali la nne — figo! Kazi yake, na nini hutokea ikishindwa. Niliandika mpaka nikaomba karatasi nyingine. Nilipotoka nikajisikia vibaya, kana kwamba nimemtumia Ushindi kupata alama.

Maman Antoinette amerudi kutoka wodini anapiga vigelegele: leo vidole vimeingia kwenye kiatu! Kisigino bado, lakini vidole! Mlinzi wetu Ndayisaba amempongeza kutoka langoni: "Basi avuke mpaka kwa vidole, Maman, kisigino kitamufuata na pikipiki!" Amerushiwa kitambaa cha vyombo. Nimecheka peke yangu huku nyuma.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Mama alikwenda soko la Kamembe. Simu ya nyumba ikalia. Nilingoja mtu mwingine apokee. Wapi! Nikapokea. Alikuwa Védastine, muuguzi wa wodi ya watoto, anayesema haraka kama anafukuzwa. Nilishika: mtoto wa Antoinette. Nilishika: *baramusezereye*. Nilishika: mwambie aje. Akakata.

Neno lile. Mimi nililisikia mahali pamoja tu — kanisani, Mzee Rutayisire alipokuwa kwenye jeneza, na padri akatuambia tupite mmoja mmoja kumsezera. Kumuaga.

Maman Antoinette alikuwa kwenye kamba ya nguo, anaimba. Nikasimama mbele yake.

"Gaju, uko na nini? Ulianguka mutihani?"

Nikasema wamepiga simu kutoka wodini. Nikasema — ee Mungu wangu — nikasema wamemuaga Ushindi.

Hakulia mara moja. Alikunja shati alilokuwa amelishika, vizuri, mikono ndani, kola juu. Halafu akakaa chini, kwenye matope. Halafu ndipo.

Wanawake wote wakatoka. Maman Mukandayisenga wa Gikundamvura akamkumbatia kwa nyuma, sabuni mpaka viwikoni. Mtu akaondoa sufuria motoni. Ndayisaba akaja mbio na rungu, alidhani mwizi! Akauliza nani amekufa. Nikamwambia neno, vilevile lilivyosemwa.

Akanitazama sana.

"Baramusezereye? We mutoto, ile si kifo! Banamutoa hospitali! Banamupa ruhusa arudi kwao!"

Halafu kicheko — sijawahi kusikia kicheko kama kile, nusu yake bado kilio. Maman Antoinette akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani atanipiga. Akanibusu paji la uso. Kisha akanipiga.

"Uliniua, we! Uliniua na ukanifufua!"

Akakimbia kuelekea hospitali, matope nyuma ya kitenge, viatu vya bluu mkononi.

Tangu hapo naitwa Mademoiselle Gusezera. Hata Mama, aliporudi na kusimuliwa, alilazimika kuegemea ukuta kwa kucheka. Nilitaka kuingia ndani ya gunia la viazi alilobeba.

*Jioni*

Haikuishia pale. Maman Antoinette alirudi bila mtoto. Védastine alikuwa ameshamaliza zamu yake. Muuguzi mwingine alisema ruhusa ipo, ni kweli, lakini daktari mwenyewe ataeleza Jumatatu. Maman Antoinette hakujali. Jumatatu ni karibu! Alinunua sambaza za nyumba nzima, akavaa kitenge kipya, akapika akiimba. Maman Mukandayisenga akaleta mkebe wa chumvi: leo na Ushindi aonje, si amepona?

Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nikamuuliza Maman Antoinette, chini chini: "Viatu viliingia leo?"

Akaimba kwa sauti zaidi.

Basi nikakumbuka yote niliyoyaandika kwenye swali la nne. Nilitaka kusema, "Ngojeni." Sikuweza, walikuwa wengi. Nikachukua mkebe wa chumvi, nikaenda nao chumbani kwetu, nikafunga mlango, nikaukalia mkebe.

Waligonga, na vijiko mkononi.

"Mademoiselle Gusezera! Asubuhi uliua mutoto wa benyewe, sasa unatunyima chumvi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Maman Mukandayisenga.

Sikufungua. Niliwasikia wakibishana, kisha sahani ya Ushindi ikapelekwa wodini bila chumvi, na wao wakala chapwa, wakinisema kila tonge. Nilipotoka hakuna aliyenisogezea kiti. Mama hakunikemea. Alichukua mkebe, akaurudisha rafuni, akanipa chakula changu. Hakucheka tena.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Misa ya kwanza. Maman Antoinette alienda mbele kutoa shukrani, akacheza mpaka kilemba kikalegea. Watu walipiga makofi. Mimi mikono ilikaa mapajani.

Baadaye nilimfuata Ndayisaba langoni. Nilimzunguka kidogo kwanza, nikajifanya natafuta paka. Mwishoni nikamuuliza: mtu anayesezererwa hospitalini, ni lazima awe amepona?

Alikuwa anacheka tayari, kabla sijamaliza. Akaacha.

"Mimi, kwenye mashamba ya chai, balinisezerera kazi," akasema. "Sikukuwa mugonjwa." Nikangoja. Akakwaruza lango kwa ukucha, pale rangi ilipobanduka. "Na papa yangu balimusezerera. Balisema nyumbani atapumuzika vizuri."

"Akapumzika?"

"Enda usome vitabu yako, Gaju."

Nimeenda. Nimesoma ukurasa mmoja mara nyingi. Neno moja linaweza kubeba vitu vyote hivyo! Aliyepona anaruhusiwa. Na ambaye hawana tena la kumfanyia anaruhusiwa. Wote wanatoka kwenye lango lilelile, na muuguzi anapiga simu ileile.

Nilimwambia Mama. Alikuwa anapanga mashuka. Akasema, "Najua. Mwache alale leo."

Lakini hakulala. Jioni Maman Antoinette alinikuta kwenye ngazi zangu za nyuma, akakaa ngazi ya chini yangu, kwa hiyo nilikuwa naona kilemba tu.

"Kesho tutaenda pamoja kwa docteur. Utanitafsiria."

Moyo wangu! Nikasema Kinyarwanda changu ameshakiona. Nikasema Mama anajua zaidi.

"Maman yako atanipunguzia. Ni muntu wa huruma. Ndayisaba ataweka mizaha. Wewe ukisema mubaya, uso yako inasema mubaya. Jana nilijua mbele ufungue kinywa."

Nikajifunika uso kwa daftari.

"Unajua juu ya nini niko naimba tangu jana?" akasema. "Nikinyamaza, nitajiuliza."

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Naandika kwenye benchi, ukumbini, nje ya mlango wa daktari. Mwalimu wa hesabu amenipa ruhusa. (Ruhusa! Hata hilo neno limeniharibikia.)

Ushindi amekaa katikati yetu. Ana harufu ya sabuni, mama yake amemwogesha kama anakwenda harusini. Nguo zake zote ziko kwenye mfuko miguuni. Ameniuliza kama nimeleta. Nimejua anasema chumvi. Nimesema hapana, akasonya.

Nimejiapia: sitafungua mdomo mpaka daktari amalize. Sentensi yote, mpaka mwisho, hata ikiwa ndefu. Neno nisilolijua nitaliuliza, hata mbele ya wauguzi, hata wakicheka. Lakini uso? Uso nitaufanya nini?

Sasa hivi Maman Antoinette amepiga magoti chini, ametoa viatu vya bluu. Anavisha. Vidole vimegoma. Anasukuma. Hata vidole, vilivyoingia Ijumaa.

"Maman, inauma."

Ameacha. Amefuta kiatu kwa kitenge, ingawa hakina vumbi.

"Vilikuwa bya mwaka jana," ameniambia. "Batoto banakuaka mbio. Alikomaa tu miguu."

Nimetazama ukuta. Kuna tangazo la kunawa mikono, nimelisoma lote.

"Gaju. Usifiche uso. Nilikuomba uso."

Nimegeuka.

Mlango umefunguka. Daktari ana miwani, ni kijana kuliko nilivyodhani. Ameita jina kwa sauti, Kiswahili safi: "Ushindi!" — na ukumbini wote wanaojua Kiswahili wameinua vichwa.

Maman Antoinette amembeba mtoto. Viatu amenipa mimi nivishike. Tunaingia. Daktari ameanza kusema, kwa Kinyarwanda, na Maman Antoinette hamwangalii daktari, ananiangalia mimi usoni.