Jicho Moja kwa Samaki Wote

Jumanne, 4 Juni

Binti yangu mkubwa kaja na rula yake ya kazi. Baba yake anamwita Bi Rula — anajidai anatania, kumbe roho juu. Ofisi ya samaki inataka nyavu zote ziwe na jicho moja, yaani tundu za kipimo kimoja, kubwa. Binti anawapinga wakubwa zake! Anasema samaki mwembamba hata akiwa mtu mzima na mayai yake atapenya tu. Mpana ananaswa angali mtoto. Anataka wavuvi wa wembamba waachiwe jicho dogo, mradi lisizoe watoto wa wapana. Nikamwambia ni kama sare za shule: ningenunua saizi moja, wewe ingekupwaya, kaka yako Bonge ingempasukia. Tukacheka.

Bosi wake anakuja Ijumaa kuona mwenyewe. Na mkataba wa binti unaisha mwezi huu. Ee Mungu.

Alhamisi, 6 Juni

Wavu wa mume wangu, wa jicho dogo, ndio utakaojaribiwa. Nimeushona kila palipochanika. Nimemsihi: baba watoto, tega kwenye kina, usiguse matete — wapana wanalelea watoto huko. Akaniuliza nani kamfundisha nani kuvua.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika jikoni nitulie. Situlii. Bosi yuko uani na binti, wanapima. Wembamba tupu, matumbo yamejaa mayai! Nimesikia bosi akisema, binti, ulisema kweli. Nusura nipige kigelegele.

Mara mume wangu akaingia mlango wa nyuma na ndoo ya pili. Katega kwenye matete! Eti kwenye kina samaki walikuwa haba, angemwaibisha mtoto. Wapana wachanga tupu, kawatenga na wembamba, watatu wanaenea kiganjani.

"Kaanga upesi, mama watoto. Asijue mtu. Hata yeye."

Yeye — mwanangu!

Mafuta yamepata moto. Siwezi kutia hata mmoja. Nikikaanga, binti atatia sahihi uongo asioujua, kesho kila wavu uko matetini kwa kibali chake. Nikiwatoa uani, kazi yake ndiyo imekwenda. Mama gani huyo?

Binti anaita kutoka uani: Baba kaondoka na ndoo mbili, ya pili iko wapi?

Nimeifunika. Nimeikalia.

Kafika mlangoni, rula mkononi, uso unang'aa.

"Mama, mafuta yanaungua! Mbona huinuki?"