Barafu Iko Nagoya

Kenashiri, tarehe 9 Mei

Kaka yangu Hidenori,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo huko Nagoya? Mgongo wa Wifi Chizuru umepoa, au bado anaamka akiushikilia? Nasikia kwenu maua ya micheri yalishapukutika zamani na watu wanatembea na mashati ya mikono mifupi. Huku theluji bado imeegemea ukuta wa nyuma hadi usawa wa dirisha la choo, na jana asubuhi nilivunja maji ya ndoo kwa mwiko. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ukiacha magoti, na hayo unayajua. Anakula vizuri na anagombana na redio.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu wewe ndiye unayesema na mimi ndiye ninayeitikia. Karatasi hainikatizi. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujanyanyua simu.

Baridi ya mwaka huu iligoma kuondoka. Mwezi wa tatu nilitoboa barafu ya ziwa mbele ya gati nikapima sentimita tisini na mbili, na mwaka jana majira hayo hayo ilikuwa sabini na nne. Paa la banda la mashua lilianza kubonyea kwa uzito wa theluji, nikapanda mwenyewe na sepetu. Injini niliifungua, nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi na mafuta. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu Baba afariki, nawe kila mwaka ukifika unawasha mara moja na kusema injini hii kweli nzuri, haisumbui. Haisumbui kwa sababu mimi nimeshasumbuka nayo.

Mwisho wa mwezi wa nne wageni wakaanza kuingia kwenye nyumba yetu ya wageni, hadi vyumba vyote saba vikajaa. Unawajua wavuvi wa mshipi walivyo. Kwao ziwa linapofunguka ndipo mwaka unapoanza, maana yule samaki ito, mkubwa kama mtoto wa shule, hupanda juu na njaa yake ya miezi mitano, na baada ya wiki chache anarudi kilindini asionekane tena. Kwa hiyo hawataki kukosa hata asubuhi moja. Bwana Uozumi alikuja, yule daktari wa meno mstaafu wa Osaka, huu ukiwa mwaka wake wa kumi na tisa kwetu. Safari hii alifuatana na kijana anayeitwa Nagase, karani wa kampuni ya bima, ambaye likizo yake ilikuwa inayeyuka haraka kuliko ziwa.

Kaka, hujawahi kuishi na wanaume kumi na wanne wanaosubiri. Wewe hufika siku yenyewe. Waliamka saa tisa alfajiri kwa mazoea, wakavaa mabuti marefu, wakaketi ukumbini wakitazama mlango. Walisuka chambo za manyoya kwenye meza ya chakula, nami nikaokota unyoya mwekundu ndani ya supu ya miso. Walifanya mazoezi ya kurusha ndoana uwanjani pa magari hadi mmoja akavua shuka langu kwenye kamba, na wenzake wakampimia lile shuka kwa futi na kumpigia makofi. Walicheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu wakaanza kununiana kwa sababu ya slipa. Bwana Uozumi, ambaye kama wageni wote huniita Mama, aliniuliza kila asubuhi, “Mama, leo vipi?” kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa wodini.

Nami kila asubuhi nilipanda kilimani na darubini, kwa sababu kutoka nyumbani Mlango Mwembamba, pale ziwa linapobanwa na fuo mbili, hauonekani, na mashua haiwezi kufika upande wa samaki bila kupita pale. Nilishuka nikawaambia Mlango bado umefungwa, tuvumilie. Wakarudi kwenye manyoya yao.

Ulipopiga simu mara ya kwanza ulisema kuna kikao cha wakubwa, utakuja Jumanne. Jumanne ukasema Ijumaa. Ijumaa ukasema Jumamosi ya wiki inayofuata bila kukosa, na nisitoe mashua kabla hujafika, kwa kuwa wageni wanaipenda desturi yetu. Niliitikia. Tangu Babu azame pale rasini, mashua ya kwanza ya mwaka haibebi mgeni. Anaiendesha mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba hii, peke yake, anamwaga pombe ya sake rasini, anarudi, na ndipo watu wanasema ziwa limefunguka. Baba alifanya hivyo hadi alipofariki. Baada ya Baba ikawa wewe: ndege ya asubuhi, koti la Baba, picha kwenye gazeti la uvuvi, ndege ya jioni. Mimi siku hiyo huwa jikoni na sufuria ya wali wa watu kumi na watano. Nikisikia injini inarudi, najua ni wakati wa kupakua.

Sikulalamika mbele yako hata mara moja, kwa hiyo niache nilalamike mara hii. Leseni ya unahodha mimi nimeipata nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa alama tisini na sita, nikisomea usiku baada ya kuosha vyombo. Nyumba hii nimeikuta na vyumba vitatu vinavyovuja. Vinne vilivyoongezeka nimevijenga mimi. Miamba yote iliyo chini ya maji kuanzia gatini hadi rasini naijua mmoja mmoja. Siku thelathini mwezi wa tano naendesha mimi, na hakuna aliyewahi kusema mwanamke atatuzamisha. Ni ile siku moja tu ambayo si yangu, na ndiyo siku niliyoitamani tangu nikiwa na suruali ya kubana na meno mawili ya mbele hayapo.

Sasa nikueleze yaliyotokea juzi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na upepo wa kusini. Wakati wa kupakua uji niliona jozi mbili za mabuti hazipo mlangoni. Wageni wengine wakaangalia mabakuli yao. Mwishowe mmoja akasema Uozumi na Nagase wamechoka kusubiri, wamezunguka kwa miguu kwenye theluji hadi Ghuba ya Mashariki, ambako ukanda wa barafu bado umeshikana na ufuo, ili warushe ndoana kutoka ukingoni. Barafu ya mwezi wa tano, Kaka. Ile nyeupe inayoonekana nene, kumbe imeshakuwa sindano zilizosimama wima, ukiigonga inabomoka kama sukari guru. Bwana Uozumi ana miaka kumi na tisa hapa na analijua hilo kuliko anavyoyajua magego.

Sijamaliza kufungua aproni simu ikalia. Alikuwa Nagase. Alianza kwa kuniomba radhi kwa kunipigia wakati wa kifungua kinywa. Halafu akasema, “Mama, samahani sana kwa usumbufu. Tunaelea.”

Upepo ulikuwa umegeuka, ukaubandua ukanda ule kutoka ufuoni na kuusukuma katikati ya ghuba, nao wawili juu yake. Sikufikiria desturi, Kaka. Sikufikiria Babu, wala Baba, wala wewe. Nilishusha mashua, nikawasha, nikaenda.

Niliwakuta kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa chumba cha mikeka minane, na pembe zake zinamomonyoka. Nagase amepiga magoti ameshika wavu. Bwana Uozumi amesimama, fimbo yake imepinda kama upinde, ana ito kwenye mshipi. Baadaye nilijua kwamba ufa ulipoanza ulikuwa mwembamba kama kidole, na mtu yeyote angeruka hadi ufuoni. Lakini samaki alikuwa ameshashika. Uozumi hakutaka kukata mshipi, na Nagase hakutaka kumwacha mwenzake bila mtu wa wavu. Wakautazama ule ufa unapanuka, wakaendelea. Nilipokaribia, yule mzee hakunigeukia hata. Alisema, “Mama, zima injini, unamtisha.”

Nilimwambia akate mshipi. Akasema bado kidogo. Barafu ikalia chini yake, buti moja likaingia hadi gotini, na bado mkono wake ulikuwa unazungusha kigurudumu cha mshipi. Nikausogeza ubavu wa mashua, nikatoa mfukoni mkasi wa jikoni, ule wa kukatia mwani, nikaukata mshipi mwenyewe. Samaki alijigeuza mara moja juu ya maji, mwekundu ubavuni, akaondoka. Nagase anasema alizidi mita moja. Uozumi anasema moja na robo. Mimi nilikuwa nashughulika na kola yake.

Walikaa mbele wameloa. Tulipokuwa tunarudi ukungu ukanyanyuka, na Bwana Uozumi akaanza kutazama kulia na kushoto. Tulikuwa katikati ya Mlango Mwembamba. Maji meusi matupu ufuo hadi ufuo, hata kipande cha ukubwa wa sahani hakipo. Akageuka. Aliuliza taratibu, jinsi nadhani alivyokuwa akiwauliza watu jino lipi, Mlango huu umefunguka lini.

Hapo ndipo ninapokiri, Kaka, kwao kwanza na sasa kwako. Ulikuwa umefunguka siku tano kabla. Nilikuwa nauona kila asubuhi kwa darubini, nashuka kilimani, nawadanganya. Niliona aibu kusema kwamba wanaume kumi na wanne wanakaa na mabuti miguuni kwa ajili ya mtu aliye kikaoni. Nikaona heri niisingizie barafu, maana haina mdomo. Na uwongo huo ndio uliowapeleka watu wawili juu ya sindano.

Niliwaeleza yote, palepale, injini ikiwa inaunguruma. Nagase alihesabu kwa vidole siku zake za likizo. Bwana Uozumi alikamua soksi yake majini. “Kumbe barafu yenyewe iko Nagoya,” akasema.

Mchana niliinama mbele ya wageni wote hadi paji la uso likagusa mkeka. Wawili walifunga mizigo wakaondoka, na walikuwa na haki. Waliobaki niliwapeleka jioni ile ile. Nagase alikuwa amebakiwa na siku moja. Aliivua yote, hakupata kitu, akanishukuru kwa heshima, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Mama. Nilipofunga mashua alikuwa amesimama mwisho wa gati na fimbo yake, chupa ya sake kwapani. Nilidhani atanigombeza. Aliniambia niwape wale wawili supu na nguo kavu, halafu nimpeleke rasini. Nikasema Mama, mashua ya kwanza imeshatoka, na imetoka kwa mkono wangu, mambo yameharibika. Akasema nimpe mkono apande.

Tulipofika rasini nilizima injini. Alimwaga sake yote, hakubakiza hata ya kulamba, unamjua. Kisha akaonyesha nyuma ya ule mwamba mkubwa usioonekana kutoka nyumbani.

“Hidenori hutapika pale,” akasema. “Kila mwaka.”

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba maji yanakutisha tangu ulipokuwa mdogo, tangu siku walipomtoa Babu, na wewe ukiwa gatini unaona. Kwamba Baba alijua, akasema mwanamume huzoea. Kwamba hujazoea. Kwamba wiki moja kabla ya kuja kwetu huwa hulali, na mwaka wa kwanza baada ya mazishi ulimlilia Mama jikoni, ukamwomba jambo moja, nisijue mimi. Nilimuuliza kwa nini mimi hasa. Akasema ulimwambia, “Heri Tokie anichukie kuliko anionee huruma.”

Kaka, nilikaa na usukani mkononi nisijue pa kuelekea. Miaka kumi na moja nimekuhesabia kila picha, na hesabu huwa sikosei. Kumbe wewe ulikuwa unatetemeka kwenye siku niliyokuwa naililia mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mwenzake “chukua” au “nipe”. Vile vikao vyako vya mwaka huu sasa navielewa. Sijui kama kweli kulikuwa na kikao hata kimoja. Usinijibu hilo.

Sikuonei huruma. Hilo lisikusumbue. Nina hasira nawe bado, ila zimebadilika sura, na sijazizoea hizi mpya.

Basi iwe hivi. Mashua ya kwanza ni yangu, mwaka huu na mingine yote. Mama ameshasema, na wageni waliobaki wamesema vilevile, ingawa Bwana Uozumi ameweka sharti niache mkasi jikoni. Wewe usikate tiketi kwa ajili ya ziwa tena. Lakini Jumamosi njoo, ulale siku mbili tatu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Vichipukizi vya fuki, ile mboga ya mwituni, vimetoka kwenye theluji nyuma ya banda, na Mama anataka kukukaangia. Hutakanyaga gati kama hutaki. Kuna wali wa watu kumi na watatu na viazi vya kumenya, na jikoni hakuna mtu, maana mimi alfajiri nakuwa majini.

Msalimie sana Wifi, mwambie asinyanyue vitu vizito. Watoto wabusu vichwani, hata yule mkubwa anayejidai hapendi. Mama anakusalimu, na anasema ulete soksi nene.

Ni mimi mdogo wako,
Tokie