Vichupa Ulivyovifunga, Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako uliposimama asubuhi moja bila kuaga. Hukupenda sifa zisizo na ushahidi. Mtu akikuletea habari ulimwuliza, "Umeona, au umesikia?" Kwa hiyo tunaandika tulichoona, hata kile kinachotuaibisha.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa uchafu. Ulinawa kwa spiriti hadi vidole vikachanika. Ukirudi jioni ulituuliza habari zetu mmoja mmoja, ukasubiri jibu. Sisi habari zako hatukuziuliza. Tulikuita Mama Vichupa, tukacheka, nawe ukacheka pamoja nasi.

Kazi yako tumeielewa baada ya kukuzika. Ulitoa kiini cha punje changa ya mpunga, ukakilaza kwenye jeli yenye sukari ndani ya kichupa kilichofungwa, kikakua kuwa kibonge kisicho na mzizi wala jani. Kisha uliongeza chumvi kidogo kidogo. Vibonge vingi vilikufa. Vichache vilivyostahimili ulivilea mpaka vikatoa majani. Ulikuwa unatafuta mpunga wa mashamba ambayo udongo wake umeota chumvi na wenyewe wameyakimbia.

Paa la maabara ya kazini kwako lilipokuwa likitengenezwa, ulileta vichupa nyumbani, ukavipanga kwenye rafu za chumba cha nyuma, chini ya taa. Wiki hiyohiyo ukatutoka.

Tulitaka kukutunzia. Mama Mdogo alichungulia, akaona vioo vimejaa jasho. "Watoto wa dada yangu wanakosa hewa humu," alisema. Baba akajibu, "Basi vifungueni." Tukafungua kwa upendo, kifuniko baada ya kifuniko. Mjomba, ambaye wewe mwenyewe ulimbandika jina la Kesho, alipewa rafu ya chini. Alijishika kiuno. "Hivi vya huku chini nitafungua kesho. Mgongo haukubali."

Katika nyumba hii sote tumesoma. Kuuliza si ujinga, na hakuna aliyeuliza kwa nini ulivifunga.

Mwenzako wa maabara alipokuja kuvichukua, rafu ya juu na ya kati zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu. Alisimama mlangoni.

"Nani kavifungua?"

"Sisi," Baba alisema. "Tulitaka vipumue."

"Mzee, humo ndani kuna sukari. Ukungu haupigi hodi."

Alianza kuvitia kwenye ndoo, machozi yakimtoka. Hatukujua pa kuziweka nyuso zetu. Ndipo Mjomba akasema, kama mtu aliyekamatwa, "Vya chini sijavigusa. Nilisema kesho."

"Kesho yako ina wiki ngapi?" Mama Mdogo alimkaripia, kwa mazoea tu.

Mwenzako alipiga magoti mbele ya rafu ya chini. Vifuniko vilikuwa kama ulivyoviacha. Ndani mlikuwa na miche ya kijani.

Msimu huu miche hiyo imetoa masuke kwenye udongo wa chumvi. Tumeona, hatukusikia. Wakulima walipokusanyika shambani, mwenzako alitaka kuishukuru familia kwa kuitunza kazi yako. Baba alimzuia.

"Usitushukuru sisi. Ushukuru mgongo wa shemeji yangu."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Sisi tulitazama chini.

Wanaokukumbuka ni mumeo, wanao, mdogo wako aliyekupenda kupita kiasi, na kaka yako Kesho, ambaye siku hizi ndiye tuliyemkabidhi ufunguo wa chumba cha nyuma.

Tutakukumbuka daima, Mama, na tutauliza kabla ya kugusa.