Kikwembe cha Bonane

Panda, Likasi, tarehe 16 Februari 1975

Kwa Mama Mélanie, mama wa mume wangu,

Nakupigia magoti kutoka huku Panda, ingawa karatasi haionyeshi magoti. Miguu yako inaendeleaje? Mathieu wa treni aliniambia uvimbe umeshuka kidogo na kwamba sasa unafika kanisani kwa fimbo, nikafurahi kusikia. Wifi yangu Alphonsine hajambo na watoto wake? Sisi huku tunapumua. Wajukuu wako wanne wako wazima, isipokuwa Rosalie mdogo, ambaye kikohozi hakijamwacha tangu mazishi. Mvua inanyesha kila siku, na bati letu linavuja palepale ambapo Casimir wangu alikuwa akisema atapanda kupaziba Jumamosi.

Barua hii nimempa Mathieu mkononi, si posta, kwa sababu posta ya siku hizi huleta barua zilizokwisha kusomwa. Akishuka Kamina na treni yake atakukabidhi wewe mwenyewe. Alphonsine, najua wewe ndiye unayesoma. Nakuomba msome wawili tu, mlango umefungwa, na ukifika mahali sauti inakukwama, usiruke neno. Mama ana haki ya kusikia yote.

Mama, katika barua yako umesema Urbain si mtoto wako tena. Umesema watu waliotoka Panda wamekueleza: kwamba Casimir alinunua kikwembe kizuri cha kumpelekea mke wa mkubwa wake kwa bonane, kwamba alimtuma mdogo wake akipeleke, na kwamba Urbain alikiuza akanywa, akaweka mahali pake kitu kilichomuua kaka yake. Umesema ukija kwa misa ya siku arobaini, tarehe 2 Machi, na ukimkuta Urbain kwenye matanga, utamlaani kwa ziwa ulilomnyonyesha, mbele ya watu wote.

Urbain ameisoma barua hiyo, kwa sababu mimi mjinga niliiacha mezani. Tangu hapo haendi tena kujenga. Anakaa uani juu ya matofali, hasemi na mtu, na chakula ninachompelekea anawagawia watoto. Jana aliniuliza kama nina kamba ya kuanikia nguo ambayo siitumii. Nilimwambia sina. Nilizikata zote nikazitia motoni, na nguo za watoto sasa zinakauka juu ya majani. Ndiyo sababu siwezi kungoja hadi uje.

Acha nianze mbali kidogo. Unajua mimi si wa kwenu. Mimi ni Mubemba wa Kasenga, mtu wa samaki, kama ulivyopenda kuniita. Kwetu mwanaume ndiye anayewahangaikia wakwe, anawalimia, anawajengea, na mpaka wakwe wampikie chakula cha heshima, yeye ndiye anayetoa. Mama yangu alinifundisha kupika na kunyamaza, na la pili hakulifundisha vizuri. Hakunifundisha kwamba kwenu mke anamletea mama mkwe kikwembe, kwa magoti, na asipoleta, mama mkwe anajiona yuko uchi machoni pa wenzake. Hilo nililisikia kwako, Pasaka ya mwaka juzi, ulipowaambia wanawake wa kanisa kwamba umezaa fundi umeme wa kampuni na bado unavaa matambara ya ujane. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sinia ya chai. Wakacheka. Neno lile lilinikaa kooni, mama, sitaki kukudanganya. Nilikuchukia mwaka mzima.

Sasa nikueleze mambo ya wazungu. Unamkumbuka Bwana Édouard, ingénieur Mbelgiji aliyefanya kazi na Casimir miaka sita, ambaye mkewe, Madame Hélène, nilikuwa ninamfulia. Kwao zawadi inafungwa katika karatasi ya maua, inafungwa tena kwa utepe, na taabu yote hiyo ni ili ichanwe mbele ya aliyeileta. Unatakiwa uchane hapohapo na ushangilie, hata kama ndani mna sabuni. Mimi na wewe hatufanani kwa mengi, lakini hapa tunafanana: mtu anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaweka pembeni. Kufungua mbele ya mtu ni kuupima moyo wake.

Basi mwanzoni mwa Desemba, walipokuwa wanarudi Ulaya moja kwa moja, walituletea nyumbani boksi jembamba la karatasi nyekundu. Casimir alilipokea kwa mikono miwili akaliweka juu ya kabati. Bwana Édouard akamwambia, ouvre, ouvre donc. Casimir akacheka, akamjibu kwamba tutafungua siku ya sikukuu. Madame Hélène alilitazama boksi, akaitazama picha yetu ya harusi, ile tuliyoificha nusu nyuma ya Bikira Maria kwa sababu Casimir amevaa suti, vazi lililokatazwa siku hizi, kisha akatabasamu kidogo tu. Nilidhani amechukia. Leo nadhani alitaka kuiona furaha yetu kabla hajaondoka, nasi tukamnyima.

Sikukuu yenyewe unajua ilivyokuwa. Serikali imefuta Noeli, ni siku ya kazi. Tarehe 25 king'ora cha usine, kiwanda cha kampuni, kililia asubuhi na Casimir akaenda zamu na mkate mfukoni. Kwa hiyo mwaka huu kila kitu kilisogezwa hadi bonane. Na huku kwetu bonane si salamu ya mwaka mpya tu, ni kitu cha mkononi. Mtu anakusimamisha njiani anakuuliza, “Bonane yangu iko wapi?”, na wewe unatoa ulicho nacho. Mkubwa wa kazi haulizi. Anakaa barazani anangoja.

Mkubwa wetu ni Citoyen Kisimba wa personnel, ofisi ya wafanyakazi, ambaye pia ndiye mkuu wa chama hapa kambi ya wafanyakazi. Zamani aliitwa Théodore, tuliimba naye kwaya, kabla majina ya ubatizo hayajakatazwa, na alikuwa haimbi vizuri. Yeye ndiye anayegawa nyumba. Sisi tulikuwa watu saba katika vyumba viwili, na Casimir alikuwa ameambiwa jina lake liko karibu. Ndipo akanunua kile kikwembe, kitambaa cha wax ya kweli, dukani kwa yule Mgiriki aliyenyang'anywa duka. Akanipa nikitunze katika sanduku langu la nguo hadi siku yake.

Siku ya bonane ikamkuta Casimir yuko zamu. Alimwambia Urbain apite kwangu achukue mzigo, aupeleke kwa heshima. Urbain alioga, akavaa shati lake la kanisani, akaupokea mzigo mikononi mwangu, ukiwa umefungwa. Hakujua kilichomo. Alphonsine, msomee tena mama hapo: hakujua kilichomo.

Kisimba alikuwa barazani na wakubwa watatu wa chama kutoka Lubumbashi, na bia mezani. Urbain alipiga goti akatoa mzigo. Siku nyingine yoyote Kisimba angeuweka pembeni, kwa sababu naye ni mtoto wa watu kama sisi. Lakini siku hiyo alitaka wageni waone kwamba anajua dunia. Akasema, “Tufungule sawa bazungu,” akachana karatasi. Ndani mlikuwa na tai. Tai ya shingoni, mama, ya buluu nzito yenye vitone vyekundu, kitu ambacho siku hizi mtu akionekana nacho njiani anavuliwa na kupigwa. Na juu yake kadi ya Kifaransa: Joyeux Noël, kwa siku zako kuu. Tai na Noeli pamoja, katika mikono ya mkuu wa chama, mbele ya wakubwa wake.

Mgeni mmoja akacheka, akamuuliza kama hiyo ndiyo sare mpya ya chama huku Panda. Wengine hawakucheka. Urbain anasema jasho lilimtoka Kisimba hadi kwenye kola. Akauliza nani amemtuma, na Urbain, ambaye hajawahi kujua kusema uongo, akajibu, “Ni yaya Casimir njo alinituma.” Angesema nini kingine? Kisimba alipaswa kuchagua shingo moja kati ya mbili, akachagua ya Casimir. Kabla ya saa kumi walimkamata kwenye geti la usine, glavu za kazi zikiwa bado mikononi.

Nilipeleka chakula kila siku kule walikomfungia. Walipokea sufuria wakairudisha tupu, na sijui nani alikuwa anakula. Niliruhusiwa kumwona mara moja tu, hilo nitakueleza. Jumanne ya tarehe 21 Januari walituita, wakasema ni malaria. Walitukabidhi sanduku lililokwisha kupigwa misumari, wakatuambia tusilifungue. Nikalipokea hivyohivyo.

Sasa, Alphonsine, vuta pumzi, usiache hapa.

Mama, Urbain hakuuza kikwembe. Kikwembe kiko kwako. Ni kile cha kijani chenye ndege wa manjano, ambacho Mathieu alikuletea juma moja kabla ya Noeli, pamoja na kile kijibarua changu kwamba ni zawadi yetu, mimi na Casimir. Casimir hakujua habari hiyo. Mimi ndiye niliyekitoa sandukuni, nikakikunja upya, nikampa Mathieu. Nilikuwa nakiangalia kila nilipofungua sanduku, na kila mara nasikia wale wanawake wakicheka. Nikajisemea, mke wa Kisimba ana vikwembe hata havaliki vyote, na mama mkwe wangu hana hata kimoja kutoka kwangu. Lakini usidhani ni upendo tu. Nilitaka ukivae mbele ya wanawake walewale, na midomo yao ifungwe. Ni kiburi kilichokutumia kikwembe hicho.

Kisha bonane ikafika na mimi sina cha kumpa Kisimba. Nikatazama juu ya kabati. Boksi la mzungu, karatasi ya kung'aa, utepe haujaguswa. Nilijua kwamba zawadi iliyofunguliwa haitolewi tena, kwa hiyo sikufungua. Nililitikisa, lilikuwa jepesi, nikafikiri ni shati au leso za hariri, kitu cha Ulaya, kitampendeza kuliko kikwembe. Nilijua Casimir atagomba kidogo jioni, kisha atacheka, kama kawaida yake. Mimi ndiye niliyelitia mikononi mwa Urbain, hata nikamtengenezea kola ya shati. Yote ni hayo.

Siku ile niliyoruhusiwa kumwona, tulisimama na nondo katikati, na askari karibu. Uso wake sitauandika. Alikuwa amekwisha kuelewa, kwa sababu kwa majuma mawili walikuwa wanampiga kwa ajili ya tai ambayo hajawahi kuiona, na bado aliwaambia kila siku kwamba ni yeye aliyeituma, peke yake. Aliniuliza kimoja tu, “Ile kikwembe ilienda wapi?” Nikamwambia kilienda kwa mama, na mama alikivaa misa ya Noeli. Kisha akauliza, “Alipenda rangi?” Nikamwambia Alphonsine ameandika kwamba hutaki kukivua hata kwa kukifua. Alitabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafunguka. Akaniambia nisikuambie kamwe, ili uendelee kukivaa. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, na niliahidi.

Leo nimeivunja ahadi hiyo. Kama mtoto wako mmoja angekuwa amekufa na mwingine anakula vizuri, ningenyamaza hadi kaburini, na wala nisijidai kwamba ningefanya vingine, kwa sababu nimenyamaza hivi tangu Januari huku watu wakimtemea Urbain mate kisimani. Niliogopa. Niliwaogopa wao, nikakuogopa wewe, nikaogopa watoto kuninyang'anywa. Lakini aliniomba kamba, mama.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya lingine lolote. Mathieu anapanda treni ya kurudi Alhamisi. Mpe neno kwa Urbain, hata moja tu, liandikwe na Alphonsine na liwe na jina lako chini. Mwambie ni mwanao. Mimi nimekwisha kumweleza yote haya asubuhi ya leo. Akasema hataamini mpaka asikie kwako.

Nisalimie Alphonsine na mumewe, watoto, Mama Émérence jirani na padri. Wajukuu wako wanakusalimu. Rosalie anasema mkija na treni yeye atabeba fimbo yako.

Uje, mama, tarehe 2. Uje umevaa kikwembe, kwa sababu yeye alitaka ukivae. Na ile laana uliyomwandalia Urbain usiiache Kamina. Utanikuta mlangoni nimepiga magoti, nami nitaipokea kwa mikono miwili.

Mimi, mke wa mwanao, kwa jina nililobatizwa,

Martine